Mwanangu anakula unga, nimpeleke polisi?

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja, dawa za kulevya, kwa hiyo safu nzima nimeiachia hilo. Majina na namba za simu nimeyaondoa. Barua ndefu nimezipunguza, lakini sikugusa swali la mtu.

Mama wa Mwanjelwa anauliza

Shikamoo mama muuguzi. Mimi ni mjane, nina watoto wanne, nauza nguo za mtumba hapa Mwanjelwa. Mwanangu wa pili ana miaka 23. Alikuwa utingo kwenye malori ya Tunduma na huko ndiko alikoanza unga. Mwanzoni alikuwa anachanganya na bangi anavuta, sasa nimekuta bomba la sindano kwenye koti lake. Ameuza redio, ameuza mtungi wa gesi, na juzi amechukua hela yangu ya belo. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, anasema tumkamatishe polisi na kete tuliyomkuta nayo, afungwe hata miaka miwili, gerezani hakuna unga, atatoka amepona. Mchungaji anasema tumwombee. Jirani anasema hospitali kuna dawa, ila eti nayo ni unga wa serikali. Nimechanganyikiwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nifanye nini?

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na shemeji, maana ndiye anayekuharakisha. Usimpeleke kijana polisi kwa ajili ya hiyo kete, yaani hicho kipakti kidogo cha unga. Kwa sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, kutumia ni kosa, na kukutwa na kete ni kosa. Ukimfikisha kituoni na ushahidi mkononi, njia iliyopo mbele yake ni mahabusu na mahakama. Hawatampeleka kwa daktari kwa sababu tu mama yake ameomba. Na ukishamkabidhi, hiyo ni kesi ya Jamhuri, huwezi kurudi wiki ijayo ukasema umeghairi.

Shemeji anaamini gereza litamponya. Najua imani hiyo inatoka wapi. Mtu aliyezoea heroini, ndiyo huo unga, akikosa dozi yake kwa saa nane hadi kumi na mbili, arosto inaanza. Anapiga miayo, machozi na makamasi yanamtoka, anatetemeka na huku anavuja jasho, mifupa inamuuma kama inavunjwa, anatapika, anaharisha, hapati usingizi. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Baada ya wiki moja hivi mwili unatulia, anaanza kula, uso unanawiri. Mtu wa nje akimwona siku hiyo atasema amepona. Kilichoisha ni arosto. Ile kiu iliyojengeka kwenye ubongo inabaki miezi mingi, wengine miaka, nayo huamshwa na vitu vidogo: sauti ya msela fulani, kona fulani ya barabara, noti mfukoni. Kijana anaweza kukaa ndani miaka miwili bila kugusa, akashuka kwenye daladala Kabwe, na kabla hajafika nyumbani kwa mama yake tayari amepita maskani, kijiwe wanakotumia unga.

Nimefanya kazi ya uuguzi katika mikoa hii maisha yangu yote, na miaka ya mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa karibu sana na vijana hawa. Waliotoka gerezani nimewapokea wengi. Wamekuja na kifua kikuu, wamekuja na majeraha, wamekuja na marafiki wapya wanaojua njia za unga kuliko wale wa zamani. Aliyetoka ameponywa uraibu na kifungo chenyewe sikumpata.

Sasa hiyo dawa ya hospitali. Inaitwa methadoni. Hapa kwetu ilianza kutolewa Muhimbili mwezi wa pili mwaka 2011, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya ilianza kuitoa mwaka 2017. Hulipii. Ni dawa ya maji, mgonjwa anaimeza mbele ya mtoa huduma, kila siku, kisha anakwenda zake kazini. Inakaa mahali palepale kwenye ubongo ambapo heroini ingekaa, lakini inaingia polepole na inadumu siku nzima. Dozi ikishakuwa sawa, arosto haipo na kulewa hakupo. Akili inarudi kwenye mambo mengine: kula, kazi, mtoto, deni la kodi ya nyumba.

Jirani anauita unga wa serikali. Mwambie hivi: mwenye kisukari akichoma insulini kila siku hatumwiti mlevi wa insulini, tunamshukuru Mungu kwamba anatembea. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Wapo wanaoitumia miaka miwili wakapunguza taratibu hadi wakaacha. Wapo wanaoitumia miaka kumi, na mimi sioni aibu yoyote katika hilo kama mtu analea watoto wake na haibi.

Uyajue pia yaliyo magumu, ili yasikushtue. Dozi inaanza ndogo kwa makusudi, kwa sababu kubwa inaweza kuua, halafu inapandishwa kidogo kidogo. Kwa hiyo siku za mwanzo atakuja analalamika kwamba dawa haimshiki. Ni kweli haijamshika. Wengi hukimbia hapo, na wengine hujazia kwa kete au kwa pombe, na hilo ndilo la hatari zaidi. Methadoni na pombe kwa pamoja hupunguza pumzi mpaka mtu analala asiamke. Iwe kimpumu, iwe komoni, iwe pombe kali ya chupa, hakuna iliyo salama. Mwambie awaeleze watoa huduma kila dawa nyingine anayotumia. Akiwa na kifua kikuu, rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, inaivunja methadoni haraka mwilini na arosto inarudi ingawa amekunywa dozi yake, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hufanya hivyohivyo. Dawa ya kutibu hilo ni kurekebishiwa dozi kliniki, asije akadhani methadoni imemkataa.

Na kwa kuwa umeona sindano, apimwe virusi vya UKIMWI na homa ya ini mapema. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna nafasi ya kuzubaa katika hili. Utafiti wa taifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 hapa Mbeya, wakati kwa nchi nzima ni 4.4. Bomba moja likizunguka kwa vijana wanne maskani, hesabu yake unaijua.

Nenda naye mwenyewe, asubuhi, siku ambayo hajakasirika. Ukifika hospitali ulizia kliniki ya methadoni, usione haya, hata mlinzi getini anaifahamu. Wanapenda aje na ndugu wa kumsimamia, na hapo shemeji ana kazi nzuri zaidi ya kumpeleka polisi. Ukitaka ushauri kabla ya kwenda, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Waulize pia waelimishaji rika. Ni vijana waliowahi kutumia, wanafika hadi maskani na huwa wanasikilizwa kuliko sisi wazee. Jambo moja uhakikishe: methadoni inatibu uraibu wa heroini na jamii yake tu. Kama kijana angekuwa anatumia bangi peke yake, au methamfetamini, ambayo ni dawa ya kulevya ya kuchangamsha, tiba yake ingekuwa nyingine, ya ushauri nasaha na kitengo cha afya ya akili.

Mtaji wako upeleke kwa mtu mwingine au kwenye simu yenye namba ya siri asiyoijua. Hela taslimu usimpe. Mlipie nauli ya kwenda kliniki siku kwa siku. Mchungaji aendelee kumwombea, na aombe hasa kijana asikose dozi. Usikubali mtu yeyote amfunge minyororo, awe mganga au mtumishi wa Mungu. Nimeosha vidonda vya minyororo kwenye vifundo vya miguu ya watoto wa watu, na walirudi kwenye unga wakiwa na vidonda hivyohivyo.

Balozi wa nyumba kumi, Iyunga

Mimi ni mzee wa miaka 70, ni balozi. Nimesoma makala zenu mnawaita hawa mateja wagonjwa. Mgonjwa gani anang'oa mita ya maji? Mtaani kwangu wamechukua masufuria, ndoo, nyaya, hadi mlango wa choo cha mjane mmoja. Juzi kijana alipigwa na wananchi akaponea chupuchupu. Safari ijayo watamchoma na mimi sitaweza kuwazuia. Serikali iwazoe wote iwafunge, tupumzike. Au unasemaje?

Shikamoo kaka. Hasira yako ina haki kabisa, na mjane asiye na mlango wa choo anastahili kusikilizwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliyeiba ashtakiwe kwa wizi. Sheria ya wizi ipo, haichagui mlevi na asiye mlevi, na sitakuomba uifumbie macho.

Ninachokataa ni hiyo ya kuwazoa wote. Kijana mwenye uraibu wa heroini anahitaji kete ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, kila siku, Jumapili na sikukuu, na asipoipata mwili unamwadhibu. Kibarua cha kubeba mizigo hakitoshi. Ndiyo maana mita yako imeng'oka. Ukiwafunga kumi leo, pusha, muuzaji wa unga, hafungi biashara, anatafuta kumi wengine, na safari hii watakuwa wadogo zaidi, wale wa kidato cha pili. Na hao kumi wa kwanza watarudi siku moja, mtaani kwako, wakiwa hawana kazi na kiu bado wanayo.

Unga haulimwi Iyunga. Heroini nyingi inayopita kwetu asili yake ni mashamba ya mipopi ya Afghanistan. Inavuka Bahari ya Hindi kwa majahazi hadi pwani ya Afrika Mashariki, halafu inapanda na barabara hii hii kuu ya Zambia tunayoiona kila siku. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini katika operesheni ya Dar es Salaam na Iringa. Kilo elfu tatu, kaka! Kete moja haifiki hata gramu. Mtu wa mzigo wa namna ile sheria yetu inaweza kumfunga maisha, nami sina neno la kumtetea. Askari, magari na mafuta ya serikali yaende huko. Kila askari anayeshinda kutwa akimsindikiza mahakamani kijana mwenye kete mbili ni askari ambaye hayupo barabarani.

Kwa mtaa wako, fanya mambo ambayo balozi anayaweza. Hizo mita na nyaya kuna mtu anazinunua, na vijana wote wa mtaa wanamjua. Mnunuzi wa chuma chakavu anayepokea mita ya maji kwa kijana anayetetemeka ni mhalifu aliyetulia, ana mizani, ana daftari, na ni rahisi kumkamata kuliko teja. Mpeleke huyo polisi. Kisha itisha mkutano, waalike waelimishaji rika waongee na wazazi, andika nyumba zenye vijana wanaotaka tiba. Kijana aliyekunywa methadoni asubuhi hana sababu ya kung'oa mita jioni. Wa kwanza kufaidika na tiba yake ni wewe jirani, hata kama humpendi.

Na hilo la kuchoma. Umesema hutaweza kuwazuia. Nakuomba kama dada yako, uweze. Siku ile usiwe umekwenda shamba. Simama mlangoni, piga simu polisi, taja majina yao kwa sauti wakusikie. Watu wanakuheshimu kwa mvi zako, na kumchoma mtu ni kuua.

Mwanafunzi wa sheria, Iringa

Kamwene mama. Darasani tumebishana sana. Wengine wanasema Ureno iliruhusu dawa za kulevya mwaka 2001 na mambo yakawa mazuri, kwa hiyo na sisi tufute makosa haya. Wengine wanasema jimbo la Oregon huko Marekani lilijaribu likashindwa, likarudisha adhabu. Wewe uko upande gani? Na bangi je?

Kamwene mwanangu. Swali lako nimelipenda kwa sababu umeleta mifano miwili inayogombana, na jibu liko katikati ya ugomvi wao.

Ureno haikuruhusu dawa za kulevya. Kuuza ni jinai mpaka leo. Walichokibadilisha, kuanzia tarehe 1 Julai 2001, ni kwamba mtu akikutwa na kiasi cha matumizi yake kisichozidi siku kumi, hafanyiwi kesi ya jinai. Ananyang'anywa, na anatakiwa kufika mbele ya kamati ya watu watatu ndani ya saa 72, kamati yenye watu wa sheria, wa afya na wa ustawi wa jamii. Wanakaa naye mezani. Wanauliza anatumia nini, tangu lini, anaishi na nani, ana kazi? Anayejaribu tu, mara nyingi shauri lake linasitishwa. Aliyezama anaelekezwa kwenye tiba, na tiba yenyewe ipo, haitafutwi kwa tochi. Kulikuwa na kliniki, kulikuwa na magari ya methadoni yanayozunguka Lisbon, kulikuwa na sindano safi kwa wasioweza kuacha bado.

Hali yao kabla ya hapo ilikuwa mbaya. Miaka ya 1990 inakadiriwa karibu mtu mmoja kati ya kila mia alikuwa na matatizo ya heroini, na hapakuwa na familia isiyomjua mmoja. Daktari João Goulão, aliyekuwa akitibu watu wa kawaida huko kusini mwa nchi, alikuwa mmoja wa wataalamu walioandika mapendekezo yaliyozaa sheria ile, na baadaye akaongoza kazi yenyewe kwa miaka mingi. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa wanaojidunga yalishuka kutoka mamia kwa mwaka hadi makumi. Vifo vya kuzidisha dozi nchini humo ni miongoni mwa vichache zaidi Ulaya Magharibi. Waliosema nchi ingegeuka kijiwe cha walevi wa dunia nzima hawakuyaona waliyoyatabiri. Hata hivyo, baada ya fedha za huduma kubanwa katika miaka ya shida ya uchumi, malalamiko ya watu kutumia hadharani yalisikika tena, hasa Porto. Sheria ilikuwa ileile. Kilichopungua ni huduma.

Oregon, wananchi walipiga kura Novemba 2020 na sheria ikaanza Februari 2021. Ukikutwa na kiasi kidogo unaandikiwa faini ya dola 100, na unaweza kufutiwa ukipiga simu kwenye namba ya ushauri. Waliopiga walikuwa wachache sana. Fedha za tiba zilichelewa kufika kwa watoa huduma, na wakati huohuo fentanili, dawa ya jamii ya heroini lakini kali kuliko heroini kwa mbali, ilikuwa inaingia kwa kasi. Watu wakachoka kuona wenzao wakianguka mbele ya maduka. Bunge la jimbo likarudisha kosa la jinai kuanzia tarehe 1 Septemba 2024.

Mimi nasoma hivi: Oregon waliondoa gereza kwanza, tiba ikaja nyuma inachechemea. Ureno waliviweka vyote viwili siku moja, na mtu hakuachwa na karatasi mkononi, alipelekwa kwa watu. Unaponiuliza upande wangu, nasema mtumiaji wa kete asifungwe. Nasema bila kupepesa macho, maana sijaona kifungo kikimtibu mtu. Lakini kama kesho asubuhi sheria ingefutwa na kliniki zikabaki zilizopo, ningeogopa.

Fikiria kijana wa Chunya, kule machimboni. Dawa ni ya kunywa kila siku. Kutoka Chunya hadi hapa Mbeya ni kama kilomita 70. Atakuja kila siku kwa nauli gani, na mwajiri gani atamngoja? Kwa huyo, hata sheria iwe laini namna gani, tiba ni maneno. Kliniki zetu nchini zimefika zaidi ya kumi na zimehudumia watu zaidi ya elfu kumi, ni hatua kubwa ukikumbuka tulianza na moja mwaka 2011, na Serikali inastahili pongezi. Zisogee sasa. Zifike kwenye miji ya barabarani ambako malori yanalala, Makambako, Mafinga, Tunduma, kwa saa zinazomfaa mtu anayekwenda kazini alfajiri. Mgonjwa aliyetulia aaminiwe kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani. Halafu polisi apewe njia ya kisheria ya kumpeleka mwenye kete kliniki badala ya mahabusu. Ninyi mnaosoma sheria andikeni namna hiyo njia inavyoweza kuwa, msiishie kwenye mdahalo.

Na msiwasahau wanawake mnapoandika. Nilimfahamu msusi mmoja, ana mtoto mchanga, alikuwa akivuta unga kwa siri na hakuthubutu kuja kliniki kwa sababu aliambiwa akijulikana atakamatwa na mtoto atachukuliwa. Mwanaume teja jamii inamcheka. Mwanamke inamtema kabisa, na ndugu zake ndio wa kwanza. Alipokuja tayari alikuwa amekonda mno. Hofu ya kukamatwa ndiyo iliyomweka mbali na sisi, wakati unga ulikuwa nyuma ya nyumba yake.

Bangi nitajibu kwa kifupi, inahitaji siku yake. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima anayetumia faraghani asishtakiwe. Kwetu ni kosa kulima, kuuza na kuvuta. Mtu mzima mwenye msokoto mmoja sioni gereza litamsaidia nini, lakini vijana wadogo waliochanganyikiwa akili baada ya bangi nimewahudumia wodini, na anayewaambia watoto kwamba ni majani tu hajawahi kulala zamu ya usiku pale.

Dada wa Mbalizi

Shikamoo mama. Kaka yangu alifungwa kwa kesi ya kete, anatoka mwezi ujao. Anasema tangu aingie hajagusa. Tunamwandalia sherehe ndogo, tumealika rafiki zake wa zamani pia. Tufanye nini asirudie?

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kumpokea, wengi hawapokelewi. Wale rafiki wa zamani waondoe kwenye orodha leo hii. Pombe iondoeni pia.

Kisha nisikilize vizuri. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari kuliko zote katika maisha yake. Mwili wake umesahau unga. Kiasi alichokuwa akitumia kabla hajafungwa, kilekile, sasa kinaweza kumuua usiku mmoja. Yeye hajui hivyo, anajiona yule yule. Mwambieni wazi, mbele ya mtu anayemheshimu, bila kumtuhumu: ukirudia hata mara moja, dozi yako ya zamani ni kifo. Asilale peke yake chumbani siku hizo. Mpelekeni kliniki ya methadoni wiki hiyohiyo, hata kama anasema yuko safi, wamchunguze na waamue naye kama anahitaji dawa au ushauri pekee.

Mkimkuta amelala haamki, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida au pumzi zinakuja moja moja, midomo imegeuka rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo sana, msimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Pumzi ikikatika na kuna anayejua kumpulizia mdomoni, ampulizie njiani. Ipo sindano ya naloksoni inayorudisha pumzi, lakini inamsaidia aliyefika mapema. Tafuteni kuanzia sasa dereva wa bajaji au jirani mwenye gari atakayekubali kuamshwa usiku, namba yake iwe kwenye simu za wote nyumbani. Na mkifika mapokezi mwambieni daktari alichotumia. Msiseme malaria, msiseme kifafa, kwa kuogopa polisi. Dakika mtakazotumia kuficha ndizo anazozihitaji kupumua.